Shajara ya mradi: kupanga vifaa na kumbukumbu za masomo ya nyumbani (Mombasa, 2025)

Nyumba hii ina wanafunzi watatu wanaosomea nyumbani, wa Gredi ya 2, ya 5 na ya 7, kwa kufuata miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya Kenya ya ukuzaji wa mitaala, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti yao. Mradi una shabaha mbili. Mtu akiuliza mtoto alifanya nini katika Hesabu mwezi wa tatu, jibu lipatikane ndani ya dakika mbili, na karatasi yenyewe ikiwa mkononi. Na kila jioni, kazi ya kuweka karatasi isizidi dakika kumi. Bei zote ni shilingi za Kenya, kama zilivyolipwa dukani.

Januari 6: Kuanza

Kilichohitaji kuhifadhiwa kiligawanywa mafungu matatu. La kwanza ni hati asili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na ripoti za shule ya awali. La pili ni kumbukumbu za kufundishia: azimio la kazi (mpango wa mada za muhula), rekodi ya kazi iliyofundishwa na rejista ya mahudhurio. La tatu ni kazi za wanafunzi wenyewe, na hili ndilo lililosumbua mwaka mzima.

Mpango wa kwanza ulikuwa faili moja kwa kila somo. Tangu masomo yapunguzwe mwaka 2024, Gredi ya 1 hadi 3 ina masomo 7, Gredi ya 4 hadi 6 ina 8, na sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ina 9. Kwa watoto watatu hizo ni faili 24.

Vilivyonunuliwa: springi faili 24 (1,440), boksi faili 3 (660), kaunta buku 3 (540), panchi (350), stepla na pini (250), rimu 2 za A4 (1,300) na pakiti ya kava 100 za nailoni (400). Jumla 4,940.

Februari 14: Faili za masomo zimeshindwa

Wiki sita zimetosha kuonyesha kasoro. Siku ya kawaida hutoa karatasi 20 hadi 26 kwa watoto watatu. Kila karatasi ilibidi itobolewe, faili yake itafutwe kati ya 24, springi ifunguliwe, karatasi iingizwe, springi ifungwe. Kazi hiyo ilipimwa kwa saa jioni tatu na wastani ukawa dakika 38. Kufikia wiki ya tatu karatasi zilikuwa zinarundikwa juu ya friji zikingojea Jumamosi, na Jumamosi ikifika hakuna anayekumbuka ni ipi ya Jumanne na ipi ya Alhamisi.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko muda. Mtaala huu unachanganya masomo kwa makusudi. Mwanafunzi wa Gredi ya 5 alipima tuta la sukuma wiki, akakokotoa eneo lake, kisha akaandika idadi ya miche inayotosha. Je, karatasi hiyo ni ya Hesabu au ya Kilimo na Lishe? Wiki moja iliwekwa huku, wiki nyingine kule, na ilipotafutwa haikupatikana popote kwa haraka.

Dawa iliyokubali ni kupanga karatasi kwa tarehe na kuacha daftari lishughulike na somo. Kila mtoto ana folda moja ya manila kwa kila wiki ya masomo. Karatasi inagongwa muhuri wa tarehe kwenye pembe ya juu kulia mara kazi inapoisha, mezani palepale, kabla mtoto hajainuka. Inaingia kwenye folda ya wiki bila kutobolewa na bila kuchaguliwa. Somo linaandikwa kwenye kaunta buku ya mtoto, mstari mmoja kwa kila kazi, hivi:

14/2 · Hesabu/Kilimo · Vipimo: eneo · kurasa 2 · Kukaribia: anazidisha urefu kwa urefu · W6

Kazi ya masomo mawili inaandikwa yote mawili kwenye mstari uleule. Karatasi ni moja na inakaa mahali pamoja. W6 ni folda ya wiki ya sita, na Kukaribia ni kiwango cha tathmini, yaani anakaribia matarajio. Ukitaka Hesabu ya muhula mzima, pitisha kidole kwenye safu ya pili ya daftari, chukua namba za wiki, kisha fungua folda hizo tu.

Muhuri wa tarehe wa kuzungusha pamoja na kidau cha wino umegharimu 570. Ungeweza kuandika tarehe kwa mkono, na tulijaribu. Baada ya siku nne karatasi 7 kati ya 90 hazikuwa na tarehe, na nyingine 5 zilikuwa na siku na mwezi bila mwaka. Muhuri hausahau mwaka. Kilichobaki ni kuuzungusha kila asubuhi, na hilo amekabidhiwa mtoto wa Gredi ya 2, ambaye hajakosa hata siku moja.

Folda za manila 120 kwa shilingi 12: 1,440. Muda wa jioni umeshuka hadi dakika 11.

Machi 7: Kazi isiyo na karatasi

Ramadhani imeanza na masomo yamesogezwa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita mchana. Rejista ilikuwa na nafasi mbili za alama, asubuhi na alasiri, ikaanza kuonyesha kana kwamba watoto hawasomi nusu ya siku. Imebadilishwa: badala ya alama, inaandikwa saa ya kuanza, saa ya kumaliza na jumla ya dakika.

Shida ya wiki hizi ni kazi ambazo haziachi karatasi: kusoma kwa sauti, kusimulia, kufuma ukili, majaribio ya Sayansi, michezo. Rekodi ya mwezi wa pili inaonyesha Sanaa Bunifu mara mbili tu, ilhali ilifanywa kila wiki.

Karatasi ya A4 sasa inakatwa vipande vinne, na kila kipande kinakuwa kijikaratasi cha ushahidi chenye mistari mitano: tarehe kwa muhuri, jina, mada ndogo, alichofanya na kwa dakika ngapi, kiwango alichofikia. Kinaingia kwenye folda ya wiki kama karatasi nyingine yoyote. Kwa kitu cha kushikika, kama mkeka au chombo cha udongo, kijikaratasi kinawekwa kando ya kitu hicho na vyote viwili vinapigwa picha pamoja. Tarehe, jina na kazi vinabaki ndani ya picha yenyewe, hata jina la picha likipotea.

Rimu moja inatoa vijikaratasi 2,000.

Machi 28: Nakala za simu

Nia ilikuwa kila kazi muhimu iwe na nakala nje ya nyumba. Mwezi mmoja wa kujaribu umeleta makosa manne, na kila moja limegharimu kurudia kazi.

Kosa la kwanza ni namna ya kuskani. Programu nyingi za kuskani kwa simu huchagua zenyewe mtindo wa "hati", unaofanya karatasi iwe nyeupe pee na maandishi yawe meusi. Kwa kalamu ya wino ni safi kabisa. Kwa penseli ni maangamizi: mistari hafifu inahesabiwa kuwa uchafu na kufutwa. Zoezi la Gredi ya 2 lenye hesabu 12 lilitoka na majibu 12 na hatua za kukokotoa 3. Hatua ndizo tulizotaka, maana humo ndimo mtoto anamoonekana alivyofikiri. Chagua mtindo wa kijivu au wa rangi, weka karatasi karibu na dirisha, zima taa ya kamera.

La pili ni kujitumia picha kwa WhatsApp ili zihifadhike. Picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Ukiikuza ili usome maandishi madogo, unakuta ukungu wa vidoto. Itume kama faili ya hati, hapo haiguswi.

La tatu ni majina. "28-3-2025" linasomeka vizuri kwa binadamu, lakini simu hupanga majina kwa herufi ya kwanza kwenda mbele, kwa hiyo tarehe 1 za miezi yote zinakusanyika pamoja, kisha tarehe 10 za miezi yote. Mwaka utangulie: 2025-03-28_G5_HES_eneo_1. Mwezi na siku ziwe na tarakimu mbili daima.

La nne lilionekana pale nakala zilipofunguliwa kwenye simu nyingine. Kati ya faili tano zilizochaguliwa bila kuangalia, mbili hazikufunguka, kwa sababu flashi ilichomolewa kabla nakala haijakamilika. Majina yalikuwapo, ndani hamna kitu. Tangu hapo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi faili tano hufunguliwa kwenye kifaa kingine, na matokeo huandikwa kwenye kaunta buku.

Flashi 2 za GB 64: 1,800. Moja inakaa nyumbani, nyingine kwa bibi yao Kisauni, na hubadilishana mahali kila mwezi.

Aprili 25: Masika

Hii ndiyo ingizo muhimu kuliko zote kwa anayeishi pwani. Aliye Nakuru au Eldoret anaweza kuipita haraka.

Mvua zilipoanza, kava za nailoni ziligeuka adui. Zilinunuliwa ili kulinda kazi nzuri, na zilibana unyevu ndani. Karatasi zilizotolewa kwenye mashine ya fotokopi ndizo zilizoumia zaidi: wino wa unga ulishikana na nailoni laini, na karatasi ilipovutwa, herufi zilibaki kwenye kava. Ukiinua kava juu ya mwanga unasoma ripoti yote kinyumenyume, na karatasi mkononi ina mabaka meupe. Kurasa 9 zimeharibika hivyo. Kava laini zinazonuka plastiki ndizo zenye tabia hii. Zile ngumu kidogo, zenye sauti ya kukwaruza zikisuguliwa, hazijashika wino hadi sasa. Hata hivyo tumeacha kuzitumia kwa kazi za watoto. Manila inapumua.

Pini za stepla nazo zimeshika kutu. Kila pini imeacha alama mbili za kahawia zilizopenya kurasa tatu hadi nne. Zimeng'olewa zote, na kurasa za kazi moja sasa zinafungwa kwa nyuzi fupi zile zinazofunga karatasi za majibu ya mtihani (pakiti 180).

Kalamu za jeli zimekatazwa. Tone moja la paa linalovuja linatosha kufuta aya nzima. Kalamu ya kawaida ya bolpeni inavumilia, na penseli inavumilia kuliko zote, kwa maana maji hayaitoi.

Ukungu ulipatikana kwenye folda za W2 na W3 zilizokuwa zimeegemea ukuta wa nje. Zilizoathirika zilitengwa siku hiyohiyo zisiambukize nyingine, zikatandazwa kivulini penye upepo kwa siku mbili, kisha zikapanguswa nje ya nyumba kwa brashi laini kavu, mdomo na pua vimefunikwa. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji, unapaka ukungu ndani ya karatasi. Wala usizianike juani kutwa, wino unapauka.

Rafu mpya ni mbao mbili juu ya matofali sita (1,300). Iko sentimita 20 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, upande wa ukuta wa ndani. Folda zinasimama wima bila kubanana, kiasi cha mkono kuingia. Upenyo wa ukutani unasaidia na jambo la pili: mchwa wakijenga njia yao ya udongo unaiona kabla hawajafika kwenye karatasi.

Kwa hati asili pekee limenunuliwa sanduku la plastiki lenye raba kwenye mfuniko (1,650) na vifuko vya chembe za silika zinazofyonza unyevu, za rangi ya machungwa (300). Zikigeuka kijani zimeshiba maji, na hukaushwa kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu. Tulijaribu silika kwenye sanduku la kazi za kila siku pia. Zilishiba ndani ya siku tano, kwa sababu sanduku linalofunguliwa mara kumi kwa siku linakaribisha hewa mpya mara kumi. Silika ifungiwe na kitu kisichofunguliwa ovyo.

Risiti za duka, zile za karatasi ya kung'aa, zimepauka tayari. Risiti ya Januari inasomeka kwa shida. Zitolewe fotokopi siku ya kununua (340 hadi leo, pamoja na nakala za vyeti).

Mei 23: Viwango vya tathmini

Viwango vinne vya mtaala (Kuzidisha, Kufikia, Kukaribia na Mbali na Matarajio) vilikuwa vinajazwa Ijumaa kwa wiki nzima. Kati ya mistari 61 ya mwezi wa nne, 54 ilisema "Kufikia". Huo si ukweli wa watoto watatu wanaojifunza mambo mapya kila siku. Kufikia Ijumaa makosa ya Jumatatu yamesahaulika, na kalamu inaandika lile la katikati.

Sasa kiwango kinaandikwa siku ileile, na hakikubaliwi bila maneno machache yanayoonyesha sababu. "Kukaribia" pekee haitoshi. "Kukaribia: anasahau kuazima kwenye makumi" inatosha, na Jumatatu ijayo inakuambia uanzie wapi. Mistari ya Mei ina mgawanyo unaoaminika: Kufikia 29, Kukaribia 17, Kuzidisha 8, Mbali 3.

Kwa Gredi ya 7 kuna uzito zaidi. Katika tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, mtihani wenyewe una asilimia 60. Asilimia 20 hutoka tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, na 20 nyingine hutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Alama hizo huingizwa kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na shule iliyosajiliwa, mzazi haziingizi mwenyewe. Anayesomesha nyumbani na kukusudia mtoto afanye tathmini za taifa akubaliane na shule itakayompokea kabla ya Gredi ya 7 kuanza, na kazi za tathmini zikae kwenye boksi faili peke yake, mbali na folda za wiki. Sekondari ya msingi pia hugawa kila kiwango mara mbili, vikawa vinane. Kaunta buku ya Gredi ya 7 imeongezwa safu moja kwa ajili hiyo.

Julai 4: Vitabu na vifaa

Vitabu 58 vimewekewa lebo ya namba kwenye mgongo na kuorodheshwa. Anayechukua kitabu nje ya chumba cha masomo anaandika namba kwenye karatasi ya ukutani. Hakuna la kueleza zaidi, linafanya kazi.

Vifaa vidogo ndivyo vilivyokuwa vinakula muda. Seti ya jometri ilitafutwa mara 11 katika wiki mbili. Kikapu kimoja cha pamoja kilishindwa, kwani hakionyeshi kinachokosekana hadi ukichimbue. Zilinunuliwa trei 4 za plastiki (1,000), ndani yake ikatandazwa manila nyeupe, na umbo la kila kifaa likachorwa kwa makapeni: bikari, pembe tatu, mkasi, rula, gundi. Kifaa kisiporudi, umbo linabaki tupu na kila mtu analiona toka mlangoni. Wiki tatu za mwisho seti imetafutwa mara moja.

Agosti 1: Kuchagua kazi za muhula

Muhula umefungwa na folda za wiki zimejaa. Kanuni ya kuchagua: kila somo la kila mtoto libakize kazi tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho wa muhula, zenye mada inayofanana ikiwezekana. Masomo 24 mara tatu ni kazi 72.

Duru ya kwanza tulichagua kazi nzuri tu, tukaikataa tulipoipitia. Potfolio yenye kazi zisizo na kosa haionyeshi mtoto alitoka wapi. Insha ya Januari ya Gredi ya 5 haina nukta hata moja kwenye mistari kumi na minne. Ile ya Julai ina aya tatu na alama za usemi mahali pake. Zikiwekwa mbili pamoja, hakuna ripoti inayozidi hapo. Ya Januari imebaki.

Zilizosalia zinafungwa kwa uzi kwa kila mwezi na kukaa mwaka mmoja zaidi kabla ya kugeuzwa karatasi za kufanyia hesabu. Kuchagua kumechukua saa nne na nusu kwa watoto watatu. Springi faili 9 kati ya zile za Januari zimepata kazi hapa, tatu kwa kila mtoto, moja kwa kila muhula.

Oktoba 3: Jaribio la kutafuta, na majina

Maswali kumi yaliandikwa na mtu asiyepanga faili hizi, mfano "nionyeshe jaribio la Sayansi la Gredi ya 5 lililofanywa wakati wa Ramadhani". Nane yalijibiwa chini ya dakika mbili, la haraka zaidi likichukua sekunde 25. Moja lilichukua dakika sita kwa sababu mstari uliandikwa kwenye kaunta buku ya mtoto mwingine. Moja halikujibiwa kabisa: picha ipo, kijikaratasi hakimo ndani yake. Kila daftari sasa lina jalada la rangi yake.

Kosa zito limeonekana kwenye faili ya uhamisho, ile inayoandaliwa mapema ili mtoto akitaka kuingia shule isichukue wiki mbili kukusanya hati. Jina la kwenye kaunta buku na la kwenye cheti cha kuzaliwa halikulingana. Kwa majina ya pwani ni rahisi sana: Mwanaisha na Mwana Aisha, Mohamed na Muhammad, au jina la babu limeachwa. Usajili wa tathmini hufuata cheti cha kuzaliwa, na jina linalotofautiana kwa herufi moja linaweza kumfanya mwanafunzi aonekane kama watu wawili. Majina yamenakiliwa upya kutoka kwenye vyeti, herufi kwa herufi, na karatasi yenye jina sahihi imebandikwa ndani ya kila jalada. Kurekebisha rekodi za miezi tisa kumechukua jioni nne. Fanya hili siku ya kwanza.

Oktoba 31: Gharama na yaliyobaki

Jumla ya mwaka ni 13,520. Kati ya hizo, 1,550 zilipotea: springi faili 15 ambazo hazijatumika (900), kava za nailoni (400), stepla na pini (250).

Mwenye mtoto mmoja anayetaka kuiga aanze na kaunta buku (180), muhuri na wino (570), folda 40 za manila (480), panchi kwa ajili ya nyuzi (350), boksi faili (220), nyuzi (180) na flashi mbili (1,800). Jumla 3,780. Rafu na sanduku la hati vinaweza kungoja mwezi mmoja au miwili, ila pwani visivuke Machi.

Muda wa jioni sasa ni dakika 9. Kilichobaki kabla ya Januari: namba za kurasa kwenye kaunta buku, maana ya Gredi ya 7 imebakiza kurasa sita na ya pili itaanza bila kuungana na ya kwanza. Pia rafu isogezwe sentimita tano zaidi. Vuli imeanza juzi na folda ya W38 ina unyevu kwenye pembe ya chini.